Gari la Zamani Linalozima Injini Ikipata Joto: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Kabla Halijapoa

Gari la zamani likiondoka Malindi alfajiri halina neno. Linapita Gede likivuta vizuri, na dereva huanza kuamini kwamba ule ugonjwa wa juma lililopita umejiondokea wenyewe. Tatizo huanza jua likishapanda, mzigo ukiwa mzito na matuta yakifuatana kila penye watu: injini hukohoa karibu na Matsangoni, huzima, na haiwaki tena hata selfu ipigwe namna gani. Dereva hukaa chini ya mkorosho nusu saa akimngoja fundi, fundi hufika kwa bodaboda, hupiga selfu mara moja, na injini hunguruma kana kwamba haikuwa na hitilafu yoyote. Fundi hubadilisha plagi kwa sababu hana jingine la kubadilisha, mwenye gari hulipa, na siku chache baadaye gari huzima tena mbele kidogo ya pale pale.

Malalamiko haya nimeyasikia kwa wenye pikapu za Peugeot 504 zinazoteremsha maembe kutoka Marafa, kwa wenye Land Rover na Corolla za kabureta, na kwa madereva wanaokata njia ndefu ya Garsen hadi Mokowe ili abiria wao wavuke kwenda kisiwani Lamu. Magari ni tofauti, lakini kosa katika kuyatengeneza karibu kila mara ni lile lile: gari huchunguzwa likiwa limeshapoa, wakati ugonjwa wenyewe unaonekana likiwa na joto tu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kando ya barabara, injini ikiwa bado haigusiki, na vipuri havinunuliwi mpaka ijulikane kilichokosekana ni kipi.

Dakika tano za kwanza baada ya injini kuzima

Injini ya petroli haina budi kupata vitu vitatu: petroli, cheche kwa wakati wake, na mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Joto likiizima, limekiondoa kimojawapo, na kazi yako katika dakika hizo chache ni kukijua hicho kimoja. Sogeza gari nje kabisa ya lami, weka laifseva zako (pembetatu za onyo) mbele na nyuma kwa umbali wa kutosha, vuta breki ya mkono, kisha tazama geji ya joto kabla ya kuzima swichi. Ikiwa mshale umepanda hadi kwenye wekundu, au mvuke unatoka chini ya boneti, acha hatua nyingine zote na usome sehemu ya gari lililochemsha.

Geji ikiwa mahali pake pa kawaida, fungua boneti na unuse. Harufu kali ya petroli ina maana kwamba imemwagika au imezidi, na hapo usijaribu cheche kwa njia yoyote. Tafuta kwanza inakotoka na uiache ipeperuke. Ikiwa hakuna harufu, chomoa waya wa plagi moja, uchomeke kwenye plagi nzima ya akiba unayotembea nayo, kisha funga mwili wa plagi hiyo kwenye chuma cha injini kwa kipande cha waya, mbali na kabureta, na umwombe mwenzako apige selfu kwa sekunde chache. Cheche ya samawati inayoruka kwa mlio ni nzima. Cheche ya manjano iliyofifia, inayokuja na kupotea, au isiyokuwapo kabisa, inaonyesha kwamba umeme ndio uliokosekana. Plagi hiyo isishikwe kwa mkono, kwa kuwa umeme wa koili, kipuri kinachoutengeneza umeme wa cheche, hupita volti 20,000, na mwenye ugonjwa wa moyo au kifaa cha kurekebisha mapigo asikaribie hata kidogo.

Jaribio la petroli ni jepesi zaidi. Kwenye gari la kabureta, selfu ikiwa haipigwi, ondoa kifuniko cha chujio la hewa, tazama ndani ya koo la kabureta kwa tochi, na usukume kwa mkono mtambo unaovutwa na waya wa akselereta. Ukiona petroli ikitoka kwa mchirizi mwembamba, bakuli la kabureta lina kitu. Usipoona chochote, ni kavu. Gari la sindano za petroli halionekani ndani kwa namna hiyo, kwa hiyo sikiliza nyuma kwenye tangi mtu anapofungua swichi: pampu nyingi huvuma kwa sekunde mbili au tatu, ingawa baadhi ya Toyota za zamani hazivumi mpaka selfu ipigwe.

Andika ulichokiona kabla hujakisahau. Karatasi yenye maneno “cheche ipo, bakuli kavu, saa saba, baada ya kilomita 40” humsaidia fundi kuliko maelezo ya nusu saa.

Injini inakohoa, inapoteza nguvu, kisha inazima polepole

Kuzima kwa namna hii, ambako gari hukata na kushika mara kadhaa kabla ya kunyamaza, mara nyingi ni njaa ya petroli, na jaribio la koo la kabureta litaonyesha ukavu.

Chanzo cha kwanza katika pwani yetu ni uchafu wa tangi, ingawa wengi hukimbilia kulaumu joto. Hewa ya chumvi hula chuma cha tangi kwa ndani na nje, hasa tangi lisilojazwa, na ile kutu hujikusanya kwenye mdomo wa bomba la kufyonza au kwenye chujio dogo lililo ndani. Injini ikizima, mvuto huisha, uchafu huanguka chini, na baada ya dakika kumi gari huwaka tena, jambo linalomfanya dereva aamini kwamba kilicholiponya ni kupoa. Tofauti yake ni kwamba gari lenye uchafu huzima hata usiku likiendeshwa kwa kasi au likipanda mlima. Kagua chujio la petroli kwa kulielekeza kwenye mwanga: petroli ya rangi ya chai, au chembechembe nyekundu chini yake, zinatosha kuwa ushahidi. Kubadilisha chujio ni nafuu na ni kazi ya dakika chache injini ikiwa imepoa, lakini likichafuka tena ndani ya wiki mbili tangi lishushwe lisafishwe. Kushusha tangi ni kazi ya karakana. Tangi tupu lina mvuke unaolipuka kwa urahisi kuliko tangi lililojaa, na mtu asilitie gesi wala welding kabla halijaoshwa na kutolewa mvuke wote na mtu anayeijua kazi hiyo.

Chanzo cha pili ni mvuke ndani ya bomba, na hapa joto linalaumiwa kwa haki. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzijoto 35 hadi 40 hivi za Selsiasi, na chini ya boneti joto hupita hapo kwa mbali, hasa gari linapotambaa nyuma ya lori au kusimama baada ya mwendo wa kasi. Pampu ya petroli iliyofungwa ubavuni mwa injini imeundwa kusukuma kimiminika, si mvuke. Ikikuta mapovu huyabana na kuyaachia bila kuyapeleka popote. Ukitazama chujio la plastiki angavu utaona mapovu yakipanda na petroli ikiwa kidogo. Mimina maji kidogo juu ya kitambaa, kikamue, kizungushe kwenye pampu na kwenye bomba linaloelekea kwenye kabureta, ukijihadhari kisiguse ekzosi. Injini ikiwaka baada ya dakika tano, umeupata ugonjwa, ingawa hujautibu.

Tiba yake inahitaji macho kuliko fedha. Angalia kama bomba la petroli limepitishwa karibu na ekzosi kuliko lilivyokuwa kiwandani, kwa sababu likikatika njiani fundi wa haraka huunga mpira mrefu na kuulaza mahali popote. Angalia kama kile kipande kinene cheusi cha bakelaiti kinachokaa kati ya kabureta na injini bado kipo, au kimevunjika na mahali pake pakawekwa gasketi ya karatasi. Kazi yake ilikuwa kuzuia joto lisipande hadi kwenye bakuli. Angalia pia idadi ya midomo ya chujio. Magari mengi ya Kijapani ya kabureta yalitoka na chujio au pampu yenye mdomo wa tatu, ambao hurudisha tangini petroli iliyozidi pamoja na mvuke wake, na duka likikosa chujio la aina hiyo huuza la midomo miwili, bomba la kurudishia likazibwa kwa skrubu na kusahauliwa. Mwenye gari hukaa mwaka mzima akibadilisha pampu, kumbe mvuke umenyimwa njia ya kutokea.

Chanzo cha tatu ni mfuniko wa tangi, nami nina sababu ya kuukumbuka. Pikapu niliyokuwa nikiendesha ilipoteza mfuniko wake, nikanunua mwingine uliokaa vizuri na kufunga barabara, tena wenye ufunguo. Tangu siku hiyo gari lilizima kila baada ya saa moja ya mwendo. Kabureta ilifunguliwa mara mbili na koili ikabadilishwa. Siku moja lilizima Gongoni, nikafungua tangi nikidhani petroli imeisha, na tangi likavuta pumzi kwa mfyonzo mrefu ambao hata kijana aliyekuwa amekaa juu ya magunia ya chumvi aliusikia. Mfuniko ule haukuwa na tundu la kuingizia hewa, na kadiri petroli ilivyotumika ndivyo pampu ilivyozidi kushindwa kuivuta. Jaribio ni hilo hilo: gari likizima, fungua mfuniko na usikilize. Likifyonza kwa nguvu na kisha likawaka, nunua mfuniko wenye tundu au safisha bomba la hewa la tangi. Kutembea na mfuniko uliolegezwa si tiba, kwa kuwa petroli humwagika kwenye kona na kunuka hadi ndani.

Yakiwa hayo yote ni mazima, fikiria pampu yenyewe. Ngozi yake ya mpira ikichakaa hulegea inapopata joto, na wakati mwingine hupasuka na kupeleka petroli ndani ya oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili unuse. Kikinuka petroli, au kiwango kikiwa kimepanda badala ya kushuka, usiwashe tena injini hiyo, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli haiwezi kulinda beringi, na mvuke wake ndani ya injini unaweza kushika moto.

Injini inazima ghafla, kama mtu aliyefunga swichi

Hapa hakuna kukohoa. Mshale wa mizunguko, kama gari linao, huanguka mara moja wakati magurudumu bado yanazunguka, na jaribio la plagi halionyeshi cheche au linaonyesha iliyofifia. Kabla ya kufikiria kipuri chochote, tikisa waya: ule mwembamba unaotoka kwenye distributa (kile kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi) kwenda kwenye koili, vichwa vya koili, vichwa vya betri, na ule waya wa arthi unaounganisha injini na bodi. Katika magari ya mwambao, waya wa arthi huoza kwa ndani huku ngozi yake ikionekana nzima, na ukiupinda hutoa unga wa kijani.

Koili ndiyo inayofuata kwa wingi. Ndani yake mna nyaya nyembamba mno zilizozungushwa maelfu ya mara, na zikipata joto hutanuka. Palipokatika huachana, palipochubuka hugusana, na gari likipoa hurudi mahali pake. Koili ya kawaida ya volti 12 kwenye gari la pointi, yaani vile vipande viwili vya chuma ndani ya distributa vinavyokata na kuunga umeme wa koili, hupata joto likifanya kazi, lakini isiwe ya kumfanya mtu aondoe kidole kwa kuungua. Ukiwa na mita ya umeme, chomoa nyaya zake na upime kati ya vichwa viwili vidogo wakati bado ina joto: koili isiyohitaji rezista ya nje (kipuri cha kupunguza umeme) huonyesha karibu omu 3, na ile inayohitaji rezista huonyesha karibu omu 1.5. Kipimo hiki ni muhimu kwa sababu ya kosa moja la madukani. Koili ya omu 1.5 ikifungwa kwenye gari lisilo na rezista, umeme unaopita huongezeka karibu maradufu, koili huungua ndani ya miezi michache na pointi nazo huliwa, kisha mteja huuziwa nyingine ya aina ile ile. Usiache pia swichi ikiwa wazi injini ikiwa imezima, kwa mfano ukisikiliza redio, kwa maana koili inaweza kupikika hapo hapo.

Kondensa ni kipuri kidogo cha bei ndogo kilicho ndani au ubavuni mwa distributa, na hufa kwa joto bila kuacha dalili ya nje. Fungua kifuniko cha distributa uzitazame pointi: zikiwa zimechimbika upande mmoja na kuota kilima upande wa pili, kondensa inatiliwa shaka. Badilisha pointi na kondensa pamoja, uweke nafasi ya pointi kama kitabu cha gari kinavyosema, ambayo kwa magari mengi ni kati ya milimita 0.35 na 0.5. Mimi hutembea na kondensa ya akiba iliyotolewa kwenye gari lililokuwa likiwaka vizuri. Kondensa mpya zimenivunja moyo mara nyingi, na ya zamani iliyothibitika inaaminika zaidi kuliko mpya isiyojulikana.

Magari mengi ya miaka ya 1980 na 1990 hayana pointi. Mahali pake pana moduli ya umeme, na ndani ya distributa pana koili ndogo ya kuhisi mzunguko. Vyote viwili hufa kwa joto. Moduli hukaa juu ya bamba la chuma ikiwa imepakwa uji mweupe wa kupitisha joto. Fundi anayeifungua na kuirudisha kavu bila uji huo ameipa moduli miezi michache tu ya kuishi. Jaribio la barabarani ni kuipoza moduli peke yake kwa kitambaa chenye unyevunyevu, bila kuruhusu maji yaingie kwenye vichwa vya nyaya; cheche ikirudi wakati sehemu nyingine zote bado zina joto, umepata mkosaji.

Kwenye gari la sindano za petroli ongeza washukiwa wawili. Relei ya pampu ya petroli hupasuka risasi iliyounganishia nyaya zake za ndani, na nyufa hizo hufunguka kwa joto. Ukiipiga kwa mpini wa bisibisi na pampu ikavuma, ibadilishe. Sensa ya mzunguko wa krenki nayo huacha kutoa ishara ikipata joto, na hapo utakosa cheche na petroli kwa pamoja. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo, taa ya injini itamweka namba ya kosa ukiunganisha kwa waya matundu ya TE1 na E1 kwenye kisanduku chake chini ya boneti, swichi ikiwa wazi na injini ikiwa imezima. Soma alama hizo vizuri kabla ya kuchomeka, kwa kuwa tundu lisilo lake laweza kuunguza kompyuta ya gari, na kama alama zimefutika, mwachie fundi umeme mwenye mashine. Mabomba ya petroli ya magari haya yana msukumo mkubwa, kwa kawaida zaidi ya mara mbili ya hewa tunayoivuta. Usilegeze hata moja kando ya barabara injini ikiwa na joto, kwa sababu petroli hurushwa kama kwa bomba la kunyunyizia dawa.

Inazima kwenye tuta au makutano, lakini ikiwa mwendoni haina shida

Gari la namna hii mara nyingi linahitaji kurekebishwa tu, si kununuliwa kitu. Anza na mwendo wa injini gari likiwa limesimama, ambao huenda umewekwa chini mno asubuhi kabla injini haijapata joto. Kisha hakikisha choki imefunguka kabisa. Choki iliyokwama huiloweka injini petroli na kutoa moshi mweusi. Halafu sikiliza mfyonzo kwenye mipira midogo ya hewa, pamoja na ule mnene wa breki, kwa kuwa mpira uliopasuka hulegea zaidi ukipata joto.

Yote hayo yakiwa sawa, pima nafasi za vali. Vali za ekzosi zilizokazwa mno hufunga vizuri zikiwa baridi, lakini zikitanuka kwa joto hubaki wazi kidogo, mgandamizo hupotea na injini hukosa nguvu ya kujizungusha. Dalili yake ni gari lililonyamaza ile milio yake ya kelele za vali, jambo ambalo wenye magari hulifurahia, ingawa injini ya zamani isiyogonga hata kidogo inanitia wasiwasi kuliko inayogonga kidogo. Vali iliyoachwa hivyo huungua ukingo, na hapo hedi, yaani kichwa cha injini, itafunguliwa.

Umelizima mwenyewe sokoni, ukirudi baada ya dakika kumi haliwaki

Injini ikizimwa, feni na maji huacha kuzunguka, na joto lote hupanda juu. Petroli iliyo ndani ya bakuli la kabureta huchemka na kumwagika ndani ya injini, kwa hiyo tatizo si njaa bali ni kuzidi, na ndiyo maana kuna harufu. Usipampu akselereta. Ikanyage hadi chini, uishikilie hapo, na upige selfu kwa sekunde zisizozidi kumi, kisha uipumzishe. Ikiwa selfu yenyewe inazunguka kwa uzito, kama mtu anayevuta gunia, kagua betri na nyaya zake kwanza: betri iliyojaa huonyesha karibu volti 12.6, na ikishuka chini ya 9.6 selfu inapopigwa, ama betri imechoka ama selfu inakula umeme mwingi kwa kuwa imepata joto. Selfu iliyo ubavuni mwa ekzosi huhitaji kurudishiwa lile bati la kuikinga ambalo mara nyingi limebaki kwa fundi wa ekzosi.

Geji imepanda, mvuke unatoka

Hapa kuzima kwa injini ni onyo, na kuilazimisha iwake ni kuiua. Zima, subiri angalau nusu saa, na usifungue kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima hushikilia msukumo unaoyafanya maji yasichemke mpaka yafike karibu nyuzijoto 120, na ukikifungua mapema maji hayo hugeuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Nimeona mkono ulioungua hivyo hadi kwenye kiwiko. Usimwage maji baridi juu ya injini wala ndani yake wakati bado ina joto, maana hedi hupasuka. Feni ya umeme nayo inaweza kuanza yenyewe hata swichi ikiwa imefungwa, kwa hiyo weka vidole mbali.

Injini ikipoa, angalia kiwango cha maji, mipira, na feni belti. Kisha uliza gari limekuwa likinywa maji gani. Visima vingi vya huku kwetu vina maji ya chumvi, na maji hayo yakichemka ndani ya injini huacha magadi yanayoziba mirija ya rejeta na kula hedi ya alumini. Tumia mikono: rejeta iliyoziba ina sehemu zilizo baridi wakati nyingine zina joto, nawe utazijua kwa kuipapasa baada ya injini kuzimwa na kupoa kiasi. Tumia maji ya mvua au yaliyosafishwa, pamoja na dawa ya rejeta ambayo huzuia kutu hata mahali ambapo maji hayagandi.

Mafundi wengi huondoa themostati, kile kifaa kinachofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto, wakisema nchi yetu ina joto na kifaa hicho ni cha Wazungu. Sikubaliani nao. Themostati nyingi hufunguka kwenye nyuzijoto 82 hadi 88, na ikiwa nzima haizuii chochote gari likiwa na joto. Iliyokufa ibadilishwe kwa nyingine. Kuiondoa huficha rejeta iliyoziba kwa muda tu, na injini huchelewa kupata joto lake na kula petroli.

Jambo jingine ni upepo. Miezi ya kaskazi, gari linaloelekea Mombasa huwa na upepo mgongoni, hewa inayoingia kwenye rejeta hupungua, na geji hupanda. Likirudi Malindi hupata upepo usoni na geji hutulia. Dereva asiyelijua hilo husema gari limepona Mombasa. Rejeta inayoshindwa na upepo tu ilikuwa imeshaanza kuziba.

Mwite fundi, na livutwe gari kwa kamba au kwa brekidauni, ukiona mojawapo ya haya: oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, mapovu yanaendelea kutoka kwenye rejeta injini ikinguruma, moshi mweupe mzito wenye harufu tamu, au maji yanayopungua bila kuonekana yanapokwenda. Hayo ni ya gasketi ya hedi, na kila kilomita utakayoongeza hupinda hedi zaidi.

Gari la dizeli

Dizeli haina plagi za cheche, kwa hiyo ikizima kwa joto tafuta hewa, uchafu au pampu. Hewa huingia kwenye maungio ya chujio na mipira ya zamani. Ukipampu kwa mkono na pampu ikawa laini kila mara, kuna mahali inavuta hewa. Toa maji yaliyo chini ya chujio, hasa ikiwa dizeli ilinunuliwa kwenye mitungi. Ikiwa injini huwaka vizuri asubuhi lakini ikizimwa na joto lake haiwaki mpaka ipoe, pampu ya sindano huenda imechakaa: dizeli yenye joto huwa nyepesi na kuvuja ndani kwa ndani wakati selfu inapoizungusha polepole. Funika pampu kwa kitambaa kilicholowa kwa dakika kumi kisha ujaribu. Ikiwaka, peleka pampu kwa wenye benchi la kupimia. Usiimwagie ndoo ya maji, kwa maana sehemu zake za ndani zimebanana kwa vipimo vidogo mno na zinaweza kushikana. Na usilegeze mabomba ya nozeli ili kuona kama dizeli inatoka huku ukiweka mkono mbele yake, kwa sababu mchirizi ule hupenya ngozi, na jeraha lake ni la kukimbizwa hospitali hata likionekana dogo kama la sindano.

Ikiwa umejaribu yote na bado linazima

Usimwachie fundi gari baridi na maneno tu. Mpelekee ile karatasi yako, umwombe aliache gari lingurume mbele ya karakana, boneti ikiwa imefungwa ili joto likusanyike, hadi lizime lenyewe mbele yake, kisha afanye jaribio la plagi na la petroli wakati huo huo. Fundi anayesema hana muda wa kungoja na kwamba tuanze kwa kubadilisha kabureta, mlipe soda yake, uendelee kumtafuta mwingine.